Kabla ya Kuchimba Msingi: Mwongozo wa Sheria na Bima kwa Anayejenga Ghorofa za Kuuza Tanzania Bara

Mwongozo huu unamlenga mtu au kampuni inayotaka kujenga jengo la ghorofa Tanzania Bara, hasa Dar es Salaam, na kuziuza nyumba zilizomo moja moja. Utamfaa pia mkandarasi atakayelijenga na ofisa wa bima atakayeombwa kulikatia kinga. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na za majengo, kwa hiyo sikuigusa.

Katika ujenzi kila hasara lazima iwe na wa kuibeba, na mtu huyo huwa amekwisha kutajwa na karatasi zilizosainiwa kabla shimo la msingi halijachimbwa. Ukuta ukishapasuka, mawakili na wakadiria hasara, wale wanaotumwa na kampuni ya bima kuipima hasara, husoma tu kilichoandikwa zamani, au hugombana juu ya kilichosahauliwa. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kazi ya mezani, ambayo waendelezaji wengi huipitia kwa haraka.

Hatua ya kwanza: hakikisha kiwanja ni cha nani na kinaruhusu nini

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ni ya umma na iko mikononi mwa Rais kama mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuimiliki kwa kipindi kilichotajwa, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, pamoja na masharti yaliyoandikwa kwenye hati. Anza na upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ili ujue jina lililosajiliwa, rehani iliyopo na pingamizi lolote lililowekwa. Kisha mpe mpima ardhi aliyesajiliwa kazi ya kuyatafuta mawe ya mipaka kiwanjani na kuyalinganisha na ramani ya upimaji. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kesi ya jirani anayesema nguzo zako zimeingia kwake, kesi inayoweza kusimamisha jengo likiwa limefika ghorofa ya nne.

Soma pia matumizi ya ardhi. Hati iliyotolewa kwa makazi ya familia moja haikuruhusu kujenga nyumba 20 na maduka chini yake mpaka ubadilishe matumizi kupitia halmashauri. Suala hili lina sura ya bima pia: ukimweleza mkatia bima, yaani kampuni inayotoa kinga, kwamba mradi ni halali huku matumizi hayajabadilishwa, umempa hoja ya kukataa kulipa siku ya hasara.

Mahali ninapowasihi wasomaji wasimame kwa muda mrefu ni kwenye nyumba za urithi. Katika Kariakoo, Ilala na Magomeni viwanja vingi vina nyumba za zamani za Kiswahili ambazo mwenyewe amekwisha kufariki, na mapatano ya kawaida ni kwamba familia inatoa kiwanja, mwendelezaji anatoa fedha, na jengo likikamilika wanagawana ghorofa. Mpango huo ni mzuri, ila una masharti. Muhtasari wa kikao cha ukoo haumpi mtu mamlaka ya kuuza wala kuingia ubia. Humsaidia tu kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na hata yeye inafaa asaini pamoja na warithi wote waliofikia umri, ili asitokee ndugu wa Tanga au Muscat miaka 3 baadaye akidai hakushirikishwa. Kama anayetoa kiwanja yuko hai na nyumba ni ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wake, nayo iwe kwa maandishi.

Mkataba wa ubia wenyewe ujibu maswali magumu mapema. Hati itabaki kwa jina la nani wakati wa ujenzi? Je, mwendelezaji anaruhusiwa kuiweka rehani benki, na benki ikija kuuza, familia inabaki na nini? Wenye nyumba watalipiwa kodi wapi wakati wanasubiri, na kwa miezi mingapi? Fedha zikikwisha jengo likiwa na ghorofa tatu kati ya nane, zile tatu zinagawanywa vipi? Na nani anakata bima, kwa jina la nani? Nimeona mikataba ya kurasa nne iliyogawa hadi maegesho ya magari lakini haikusema neno moja kuhusu jengo kutokukamilika.

Raia wa kigeni hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kupitia utaratibu wa sheria ya uwekezaji. Mwekezaji anayetumia jina la rafiki Mtanzania kukwepa utaratibu huo anajenga juu ya ardhi ambayo kisheria si yake.

Hatua ya pili: vibali, na watu wenye sifa za kweli

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri baada ya kupitia michoro ya usanifu na ya mihimili. Kutegemea ukubwa wa mradi utahitaji pia cheti cha mazingira kupitia NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na ukaguzi wa michoro na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Saiti isajiliwe OSHA, wakala wa Serikali wa usalama kazini, chini ya sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003, na kila mwajiri awe amejisajili na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mkandarasi, kwa upande wake, ausajili mradi kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi na kuweka kibao chenye majina ya wahusika wote.

Bodi ziko tatu na kila moja ina watu wake: makandarasi wana bodi yao, wahandisi wana yao, na wabunifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi wana ya kwao. Usiridhike na nakala ya cheti uliyoletewa. Peleka namba ya usajili kwenye bodi husika uulize kama leseni ni ya mwaka huu na kama daraja la mkandarasi linamruhusu kujenga kazi ya thamani yako, kwa sababu makandarasi wa majengo wamepangwa kuanzia daraja la kwanza hadi la saba na kila daraja lina kikomo.

Kuna desturi inayojulikana na kila mtu katika kazi hii: kampuni ya daraja la juu hukodisha jina lake, kibao kikasomeka vizuri barabarani, huku kazi ikifanywa na fundi asiyesajiliwa aliyekubaliana bei na mwenye jengo pembeni. Mwendelezaji huona ameokoa fedha, lakini amepoteza vitu vitatu kwa pamoja. Kampuni iliyotajwa itasema haikuwahi kuwa saiti, fundi hana mali ya kudaiwa, na kampuni ya bima itauliza ni nani hasa ilimkatia. Zaidi ya hapo, Sheria ya Mikataba inayatangaza kuwa batili makubaliano yenye lengo lililokatazwa na sheria, kwa hiyo hata ile karatasi mliyosaini na fundi inaweza isikusaidie mahakamani.

Usiongeze ghorofa bila kibali kipya. Msingi uliopigiwa hesabu kwa ghorofa sita haujui kwamba soko limepanda bei, na hakuna hati ya bima ya ujenzi ninayoifahamu ambayo itasoma ghorofa tisa mahali palipoandikwa sita.

Hatua ya tatu: andika mkataba unaotaja hasara ni ya nani

Anzia kwenye fomu iliyozoeleka, ama ile ya Baraza la Taifa la Ujenzi au ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, badala ya kubuni yako. Fomu hizo zimegawa hatari kwa utaratibu unaoeleweka na wakadiria hasara pamoja na wasuluhishi. Mkataba wa kawaida wa FIDIC wa 1999, kwa mfano, unamtaka mkandarasi anayedai muda au malipo ya ziada atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio, la sivyo anapoteza haki yake. Makandarasi wengi wa ndani hupoteza madai ya haki kabisa kwa sababu walizungumza na msimamizi kwa simu na hawakuandika barua. Ukibadilisha vifungu, jua unachokiondoa.

Hakikisha inajulikana nani anawajibika kwa usanifu. Nguzo ikipinda kwa sababu nondo zilikosewa kwenye mchoro, lawama ni ya mhandisi mshauri. Zikipungua kuliko mchoro, ni ya mkandarasi, na pengine ya msimamizi aliyepitisha zege limwagwe. Mabadiliko yote ya kazi yatolewe kwa maandishi na yapewe bei kutoka kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei zake. Fidia ya ucheleweshaji iwekwe kwa kiasi kinachoelezeka, kwa sababu chini ya kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba mahakama hutoa fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi mlichotaja. Kile mlichokiandika ni dari tu, na mdai hapewi chote moja kwa moja.

Kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro baada ya makabidhiano, kiandikwe pamoja na asilimia inayozuiwa kwenye malipo, ile ambayo saiti huiita ritensheni, na tarehe za kuiachia. Ukitaka dhamana ya utekelezaji au ya malipo ya awali kutoka benki au kampuni ya bima, soma maneno yake: ipo inayolipa ukidai tu, na ipo inayokutaka kwanza uthibitishe kwamba mkandarasi amevunja mkataba. Tofauti hiyo inaweza kuwa miaka mingi ya kesi. Weka pia tarehe ya mwisho ya dhamana kwenye kalenda, kwa kuwa kazi zetu huchelewa na dhamana huisha nguvu kimyakimya.

Hatua ya nne: majirani na shimo

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Waliofikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia walitoka pande mbalimbali za mradi, akiwamo mmiliki na watumishi wa halmashauri. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lenye maduka yaliyokuwa yakitumika liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na Serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo. Ninayataja kwa sababu familia zile bado zipo, na kwa sababu hakuna bima inayomkinga mtu na kifungo. Bima hulipa fedha. Jinai humfuata mtu mwenyewe.

Katikati ya mji, shimo la ghala la chini huchimbwa hatua chache tu kutoka kwenye ukuta wa jirani. Kabla ya mtambo kuingia, mpeleke mhandisi kwa kila jirani akiwa na kamera, apige picha za nyufa zote zilizopo, azipime upana, aandike tarehe, na jirani au mjumbe wa serikali ya mtaa asaini. Siku jirani atakapodai kwamba umempasulia nyumba, kitabu hicho kitakulinda dhidi ya dai la uongo na kitamlinda yeye kama dai ni la kweli. Weka alama za kupimia mwendo kwenye kuta zile na zisomwe kila wiki wakati wa uchimbaji.

Kisha mweleze mkatia bima waziwazi. Hati ya kawaida ya bima ya hatari zote za mkandarasi huwa haijumuishi uharibifu wa majengo ya jirani unaotokana na mtikisiko au kuondolewa kwa egemeo la ardhi, mpaka kiongezwe kifungu maalumu. Kifungu hicho mara nyingi kinadai ripoti ya hali ya majirani kabla ya kazi, na kwa kawaida hakilipi nyufa ndogo zisizogusa uimara wa jengo. Mwendelezaji asiyekiomba anakuwa ameinunulia bima hatari ndogo na kuiacha ile kubwa.

Hatua ya tano: bima yenyewe, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Thibitisha kwamba kampuni, dalali na wakala wote wana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mkazi wa Tanzania anapaswa kukata bima kwa kampuni iliyosajiliwa nchini, isipokuwa apate idhini ya TIRA. Lipa ada kabla kazi haijaanza na utunze stakabadhi, maana kinga isiyolipiwa haisimami.

Bima ya hatari zote za mkandarasi hulinda kazi inayojengwa, vifaa vilivyoko saiti na dhima kwa watu wengine, yaani wajibu wa kuwalipa waliodhurika. Ikatwe kwa majina ya mwenye mradi, mkandarasi mkuu na makandarasi wadogo kwa pamoja. Sababu yake ni kwamba kampuni ya bima ikishalipa huchukua nafasi ya aliyelipwa na kumdai aliyesababisha hasara. Kama fundi wa umeme hakutajwa, mradi utalipwa leo na fundi atashtakiwa kesho, kazi isimame.

Kiasi cha bima kiwe thamani kamili ya kazi ikimalizika, pamoja na vifaa anavyonunua mwenye mradi mwenyewe. Chukua jengo la shilingi milioni 800 lililokatiwa milioni 500. Hasara ya milioni 80 haitalipwa yote. Kwa kanuni ya uwiano italipwa milioni 50, kabla ya kuondoa kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe kwenye kila tukio. Bei za saruji na nondo zikipanda katikati ya kazi, omba kiasi kiongezwe.

Soma yasiyolipwa kwa makini kuliko yanayolipwa. Kosa la usanifu kwa kawaida halimo. Hilo ni la bima ya dhima ya kitaaluma ya mhandisi na mbunifu, nawe uione hati yao. Zege bovu lenyewe halilipiwi kurudiwa, ingawa hati nyingi hulipa sehemu nzuri iliyoharibiwa na kuanguka kwa ile mbovu. Kazi ikisimama kwa muda, kama inavyotokea mara nyingi wauzaji wa nyumba wanaposubiri fedha za wanunuzi, mjulishe mkatia bima, kwa sababu saiti iliyoachwa na mlinzi mmoja si hatari ileile aliyoikubali. Sehemu ikikabidhiwa au ikianza kutumika, kinga ya ujenzi juu ya sehemu hiyo hukoma. Mwendelezaji anayefungua maduka ya chini huku ghorofa za juu zinaendelea anahitaji bima nyingine ya jengo kuanzia siku ile ile, na zaidi ya bima, anahitaji kujiuliza kama watu wanapaswa kuwamo humo kabisa.

Kwa upande wa mkatia bima, ushauri wangu ni mmoja: tuma mhandisi akague kabla ya kukubali, na tena wakati wa uchimbaji. Fomu ya maombi iliyojazwa ofisini na wakala haitoi picha ya udongo wala ya jirani. Mteja ana wajibu wa kusema yote anayoyajua, lakini kampuni isiyouliza swali la maana itapata tabu kulalamika baadaye kwamba haikuambiwa.

Hatua ya sita: wanunuzi

Makubaliano ya kuuza haki katika ardhi lazima yawe kwa maandishi ili mahakama iweze kuyatekeleza. Umiliki wa nyumba moja moja ndani ya jengo unatawaliwa na sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, ambayo humpa kila mnunuzi hati yake pamoja na fungu katika maeneo ya pamoja kama ngazi, lifti na paa. Usiuze nyumba ambazo mpango wake haujaandaliwa kusajiliwa chini ya sheria hiyo, kwani utabaki na watu waliolipa wanaodai hati usiyoweza kuitoa.

Ukiuza kabla ya kujenga, weka fedha za wanunuzi kwenye akaunti ya amana na zitolewe kulingana na cheti cha hatua ya kazi. Mkataba utaje ukubwa wa nyumba, aina ya milango na vigae, tarehe ya makabidhiano, kitakachotokea ikichelewa, na muda wa kurekebisha kasoro. Muda huo usiwe mfupi kuliko ule uliopewa na mkandarasi wako, wala usiwe mrefu kupita wake, vinginevyo utarekebisha kwa fedha yako. Kabla ya kukabidhi, pita kila chumba na mnunuzi, andikeni kasoro, msaini wote wawili.

Hatua ya saba: jambo likitokea

Okoa watu kwanza, na ita zimamoto. Ajali ya mfanyakazi iarifiwe OSHA na Mfuko wa Fidia bila kuchelewa. Mjulishe mkatia bima siku hiyohiyo kwa simu, kisha kwa barua. Hati nyingi za ujenzi hukataa madai yasiyotolewa taarifa ndani ya siku 14. Piga picha kabla ya kuondoa kifusi, ila usiache hatari iendelee kwa kisingizio cha kumsubiri mkadiria hasara. Tunza vipande vya nondo na zege, matokeo ya vipimo vya maabara na kitabu cha saiti. Usikiri kosa wala usiahidi malipo kwa jirani kabla ya kuzungumza na kampuni ya bima, kwani hati karibu zote zinakataza. Unaweza kumpa pole na kumtafutia mahali pa kulala bila kuandika kwamba kosa ni lako.

Bima ikikataa kulipa, dai sababu kwa maandishi na kifungu inachokitegemea. Malalamiko yanaweza kupelekwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kufikiria mahakama. Mgogoro wa mkandarasi na mwenye mradi ufuate ngazi za mkataba. Kama mna kifungu cha usuluhishi, Sheria ya Usuluhishi ya 2020 humwezesha mmoja wenu kuiomba mahakama isimamishe kesi mpaka usuluhishi ufanyike.

Hesabu muda tangu mapema. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, dai la mkataba lina miaka 6, dai la madhara lisilotokana na mkataba, kama la jirani aliyepasuliwa ukuta, lina miaka 3, na dai la kurudishiwa ardhi lina miaka 12. Kwa hiyo michoro, barua, vyeti vya malipo, ripoti za majirani na hati zote za bima zitunzwe angalau miaka 12 baada ya makabidhiano, nakala moja ofisini na nyingine mahali ambapo moto wa ofisi hautafika.